Nimeshakula Njiani

Clavery aliendesha malori kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote alijipikia mwenyewe kando ya barabara. Wenzake walipokimbilia migahawani, yeye alifungua sanduku lake la vyombo chini ya tela, akawasha jiko, akapika wali wake taratibu. Hakuwa bahili. Hakupenda tu kumsumbua mtu.

Kwa hiyo alipostaafu na kununua Haisi iliyochoka, majirani zake wa Kashai, mjini Bukoba, hawakushangaa kumwona anang'oa viti, anapima, anakata mbao, kisha anapima tena. Baada ya miezi saba gari lilikuwa na kitanda cha kukunja, tangi la maji la lita sitini, jiko la gesi, na droo ya vyombo iliyochongwa kwa vipimo: sahani mbili, bakuli mbili, vikombe viwili. Vyake na vya mkewe, Evelyne. Hakuna kilichogongana gari likipita kwenye matuta.

Safari ya kwanza aliipanga kwenda Buganguzi kwa dada yake Joanitha, ambaye alikuwa hajasema naye kwa miaka tisa.

"Umemwambia tunakuja?" Evelyne aliuliza walipoiacha Bukoba nyuma.

"Nimemtumia ujumbe juzi."

"Akasemaje?"

"Tiki zimegeuka bluu."

"Amesoma, akanyamaza."

"Hajasema tusije," Clavery alijibu, akabadili gia.

Kosa lake alilijua, au alidhani analijua. Mama yao alipofariki, yeye alifika Buganguzi saa ya mazishi akitokea safarini, lori lenye mzigo wa wateja likimsubiri barabarani. Jioni ileile akaondoka, ilhali ndugu wengine walikaa matanga siku nne. Tangu hapo simu zake hazikupokelewa. Sasa Joanitha alikuwa na miaka sabini na miwili, magoti yanamsumbua, anaishi peke yake kwenye kibanja, shamba la migomba la wazazi wao. Clavery alitaka waketi pamoja mara moja kabla mmoja wao hajamzika mwenzake. Hilo tu ndilo lililomtoa nyumbani, ingawa kwa majirani alisema anakwenda kulijaribu gari.

Kemondo walisimama kununua samaki. Muuzaji, mama mmoja aliyeitwa Zabibu, alichungulia dirishani akiwa bado na kisu mkononi.

"Kitanda kipo, jiko lipo. Choo kiko wapi, baba?"

"Choo hakuna."

"Kwa hiyo humu mnaingiza tu! Hii nyumba umeijenga nusu."

Evelyne alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Walichagua sato wawili. Mdogo walimchoma palepale, wakamkamulia ndimu, wakamla kwa mikono huku upepo wa ziwa ukiwapuliza. Nyama ilikuwa nyeupe, ikijiachia yenyewe kwenye mwiba. Yule mkubwa Clavery alimfunga kwenye jani la mgomba, akamweka kwenye boksi la barafu.

"Huyu ni wa dada," alisema.

Mbele zaidi walipanda Kamachumu, si kwa sababu njia iliwalazimu, bali kwa kuwa Evelyne alitaka kahawa ya kule kwenye baridi. Waliichemsha kwenye gari, wakainywa na ndizi mbivu, mlango ukiwa wazi. Clavery alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alifikiri kwamba maisha yake yote alikuwa akikimbia kuelekea kwenye kituo kama hiki, mahali ambapo hakuna mzigo unaosubiriwa.

Walifika Buganguzi saa sita mchana. Mlango ulikuwa na kufuli. Jirani alisema Joanitha yuko kigangoni kwenye kikao cha wanawake, hatakawia.

Clavery aliutazama uwanja uliofagiwa, na migomba iliyosimama kwa mistari kama baba yao alivyoipanda. Kisha akavuta turubai la kivuli, akafungua meza, akawasha gesi.

"Clavery," Evelyne alisema polepole. "Hapa si Kemondo."

"Magoti yanamuuma. Sitaki aanze kumenya ndizi kwa ajili yangu. Akifika atakuta chakula mezani, atakula kabla hajapata nafasi ya kukasirika."



Samaki alikuwa anaanza kunukia Joanitha alipotokea kwenye njia ya kibanja, mwembamba, fimbo mkononi. Alimkumbatia Evelyne kwa muda mrefu. Salamu ya mdogo wake aliiitikia bila kumtazama usoni. Kisha akaanza kulizunguka gari.

"Hii?"

"Droo ya vyombo, dada."

"Na maji?"

"Lita sitini. Nimeyajaza nyumbani."

"Mnalala wapi?"

"Kitanda kinakunjuka. Tusikusumbue."

Joanitha aliangalia meza, akaangalia samaki.

"Umekuja na maji yako, moto wako na kitanda chako," alisema. "Basi mimi nimebaki nani hapa? Mwenye uwanja wa kuegeshea?"

Akafungua kufuli, akaingia ndani, akafunga mlango.

Clavery alibaki na mwiko mkononi. "Bado ana hasira kwa sababu sikukaa matanga."

"Ndivyo alivyokwambia?"

"Hajawahi kuniambia kitu."

"Mimi nilikuwepo," Evelyne alisema. "Siku ile ya mazishi alikuletea sahani. Alikuwa hajaketi tangu alfajiri, akakuletea kwa mikono yake. Wewe ulimjibuje?"

Clavery alifikiri. Alikumbuka vumbi, alikumbuka kutazama saa. Kisha akaikumbuka ile sahani.

"Nilisema nimeshakula njiani."

"Ndiyo."

"Ilikuwa kweli, Evelyne. Nilikuwa nimepika Biharamulo."

"Najua ilikuwa kweli."

Miaka tisa alikuwa akiomba radhi moyoni kwa kuondoka mapema, na kumbe wageni wengine waliotoka mbali pia waliondoka mapema wakasamehewa. Lakini wao walikula kwanza. Yeye alimwachia dada yake sahani mikononi, mbele ya watu, siku ya kumzika mama yao.

Akazima gesi. Akakunja meza, akashusha turubai, akafunga milango ya gari. Akazunguka nyuma ya nyumba, kwenye mlango wa jikoni, akaketi kizingitini.

"Dada, nina njaa."



"Si una samaki?" Joanitha aliuliza kutoka ndani.

"Ninaye."

"Hujala njiani?"

"Nimekula Kemondo. Lakini njaa ninayo."

"Ndizi hazijamenywa."

"Nitasubiri."

"Zitachukua muda. Mimi siyo gesi."

"Nitasubiri, dada."

Kikasikika kisu. Clavery alinyanyuka kutaka kusaidia, na sauti ikamwamuru akae. Akakaa. Evelyne alipita na mkungu, akaruhusiwa kuingia; wanawake wakaanza kuzungumza Kihaya kwa sauti ya chini, mara wakicheka, na yeye hakuuliza wanamcheka nani. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mikono yake ilikaa bure huku mtu mwingine akimpikia. Lilikuwa jambo gumu kuliko alivyodhani.

Baadaye Joanitha alitoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Alichukua punje, akatafuna kwanza yeye, kama mwenyeji anavyopaswa, kisha akamwinamishia mdogo wake kikapu. Clavery akapokea kwa mikono miwili.

"Yale ya mama tutayasema," Joanitha alisema. "Si leo. Kalete huyo samaki wako. Lakini ataingia kwenye chungu changu."

Jua lilikuwa limeinamia migomba walipokula. Ndizi zilikuwa laini, zimepikwa na maharage chini ya majani, na samaki amezivujia utamu wake. Clavery alipomaliza, Joanitha alimwongeza bila kuuliza. Akala tena.

"Kesho asubuhi," dada yake alisema, akielekeza kidevu kwenye gari lililokuwa hatua kumi tu, "nitakuja kwenu kunywa chai. Mtanipokea?"

"Tutakupokea, dada." Kisha akakumbuka droo yake. "Ila vikombe tunavyo viwili tu."

"Basi utaazima."

"Kwa nani?"

Joanitha alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kwangu, mjinga wewe," alisema, akamsogezea bakuli la maji ya kunawa.