Maoni ya Yaya kwenye Vitabu vya Farasi

Yaya Serah alisema ukweli kuhusu vitabu vya mtoto anayemlea, na madam, mwajiri wake, akausoma mtandaoni. Nalinda mlango wa jengo lao huku ughaibuni, na Serah ni binamu yangu.

Mtoto alimwuliza anavionaje vitabu vyake vya wasichana na farasi wadogo. "Vitamu," Serah akasema, "ila anayezoa mavi hatajwi. Kama mimi hapa kwenu." Mtoto akayaandika maneno hayo mtandaoni, penye maoni ya wasomaji, kwa jina la Serah.

Madam alishuka akitabasamu. "Gerishom, wakala aliyemleta Serah anakuja kumchukua. Asitoke."

Nikafunga mlango. Serah akafika mlangoni, akanitazama. "Hata wewe, mtu wa kwetu?"

Alipoteza kazi, viza na kitanda. Mimi nilibaki na kazi, nikampoteza yeye.