Haki ya Kutoa Jina

Katika karakana ile ya kushona sare za shule, mtu hakuulizwa umri. Aliulizwa, "Wewe wa rika gani?" na jibu lilikuwa neno moja. Waliotangulia waliitwa Pedali, kwa kuwa walianza na cherehani za kukanyaga kwa mguu. Jina hilo walijipa wenyewe, maana aliyetangulia hana wa kumwita. Waliofuata waliitwa Waya: walikuta umeme, na umeme ukikatika nao walikatika, wakakaa mikono mapajani kama wanaosubiri kupigwa picha. Wa tatu waliitwa Mabaluni.

Kila kundi jipya lilipewa jina na rika kongwe kuliko yote, Ijumaa ya kwanza, saa nne, wakati wa chai. Wageni walisimama mstari mmoja mbele ya meza ya kukatia vitambaa, wakaitwa, kisha wakapiga makofi wao wenyewe kulipokea jina lao. Asiyepiga makofi alitafutiwa jingine, na la pili halikuwahi kuwa afadhali.

Mtoaji wa majina alikuwa Mama Kola. Miaka thelathini na mitatu alishona kola tu, kola ambazo pembe zake zililala kama zimeambiwa zilale, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Pedali wenzake walimwachia kazi hiyo kwa sababu aliwachekesha. Wageni hawakuulizwa kama wamechekeshwa.

Siku Mabaluni walipoitwa, miaka tisa iliyopita, binti yake wa pekee alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametoka chuoni na cheti chake, amevaa blauzi aliyojishonea. Asubuhi, wakifunga mlango wa nyumba, alimwambia, "Mama, leo utuonee huruma."

"Nyumbani una mama," alijibu Mama Kola. "Kule una Pedali."

Saa nne ilipofika aliwatazama wasichana wale sita, kucha zao za rangi, nywele zao, vyeti vyao ndani ya mifuko ya plastiki. "Hawa ni mabaluni," akasema. "Wamejaa, wanang'aa, kila mmoja na rangi yake. Sindano moja tu, paa! Wamekwisha." Karakana ikaangua kicheko. Akawapita mmoja mmoja hadi mwisho wa mstari, alipokuwa amesimama binti yake. "Na hili msiliguse, tafadhali. Hili nimelipuliza mwenyewe."

Mzee Pasi, aliyenyoosha nguo kwenye kona bila kuwa wa rika lolote, alicheka hadi chai ikamwagika kwenye kaptula mpya ya mwanafunzi. Binti ndiye aliyeanza kupiga makofi. Mmoja wa wale sita hakurudi Jumatatu.

Basi ikawa hivyo. Kwa hesabu ya karakana, Pedali walikuwa wazazi, Waya watoto, Mabaluni wajukuu. "Mtoto wangu wa kumzaa, kazini ni mjukuu wangu," Mama Kola alipenda kusema. "Nimejiruka mwenyewe!" Alisema hivyo mara nyingi, na binti yake akiwa pale pale anasikia.

Lakini baluni halikupasuka. Lilipanda. Binti alijifunza kukata, akajifunza kupanga kazi, akawa msimamizi, akapewa ofisi ya vioo katikati ya ukumbi. Pedali nao walipungua: huyu mgongo, yule macho, mwingine kaburi. Wakabaki wawili, Mama Kola na Bi Vifungo. Hapo ndipo mwenye karakana alipomwachia mwanawe kazi, na mwanawe akaleta mashine mpya, mojawapo ya kola. Unaipa kitambaa, inakunja, inashona, inageuza pembe, inakutemea kola. Ina kioo cha kugusa kwa kidole. Akaajiri na wageni wanane wa kuzihudumia mashine mpya. Kwa wakongwe palibaki kiti kimoja tu, cha kuisimamia ile ya kola, na msimamizi ndiye wa kujaza fomu: Anafaa, au Hafai.

"Una bahati, shoga," Bi Vifungo, ambaye alikwisha kukubali kuondoka, alimwambia Mama Kola. "Mwenye kalamu katoka tumboni mwako."

"Alitoka siku nyingi," alisema Mama Kola.

Jumapili asubuhi, mama na binti walikuwa uani wanafua, beseni moja la sabuni, jingine la kusuuza. Mama Kola alisugua shuka ile ile mara tatu.

"Ile fomu," akasema.

"Fomu ipi?"

"Usinifanye mtoto mdogo."

"Iko ofisini."

"Mimi nikikaa nyumbani nitaota ukungu. Nitazungumza na kuta. Unanijua." Akaitumbukiza shuka kwenye beseni la kusuuza. "Kile kioo nitajifunza. Kidole ninacho."

Binti alikamua shati hadi likaacha kudondosha. "Ijumaa wageni wanaitwa, na mwenye haki ya kuwaita ni wewe. Wape jina ambalo mtu akifika nyumbani anaweza kumwambia mama yake. Ukifanya hivyo, nitaandika Anafaa."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Mama Kola alicheka kwa kupumua, akidhani amepewa kazi ya dakika mbili. Kumbe! Jina la kuumiza lilikuwa likimjia lenyewe kama chafya. Hili la wema ilibidi litafutwe. Jumatatu aliwatazama wale vijana wanane wanavyofanya kazi na visikilizio masikioni, akapata majina manne, yote yenye miiba, moja zuri ajabu, akalimeza. Jumanne alimwona mmoja anatazama simu ajue namna ya kutunga uzi kwenye sindano. Jina jingine likamjia, nalo akalimeza. Walimwamkia, "Shikamoo bibi," kisha wakamuuliza kwa nini: kwa nini kola inakatwa mshazari, kwa nini chai ni saa nne na si saa tatu. Pedali hawakuwahi kuuliza kwa nini. Waya waliuliza mara moja wakafokewa. Mabaluni waliulizana wenyewe, chooni.

Jumatano msichana mmoja mwenye mwanya, ambaye wenzake walimwita Pengo, alikuja akachuchumaa kando ya cherehani yake. "Bibi, ile mashine pembe zake hazilali kama zako. Unafanyaje?"

Mama Kola alichukua kola. Akamwonyesha. Alhamisi alikwenda kazini na kichwa kinamgonga, lakini jina alikuwa nalo.

Ijumaa, saa nne. Wale wanane wakapanga mstari. Waya walikuwa wameshaanza kutabasamu. Mabaluni wanne walisimama pamoja karibu na mlango, na wa tano wao, msimamizi, mbele yao, kikombe mkononi.

"Hawa," alisema Mama Kola, na sauti yake ikawa ngeni masikioni mwake mwenyewe, "nawaita Pindo. Nguo bila pindo inafumuka yote, hata iwe na kola nzuri namna gani. Sisi tumeshona kwa juu. Hawa ndio watakaoizuia isifumuke."

"Leo huyu kalishwa nini?" aliuliza Mzee Pasi. Kisha wageni wakapiga makofi, si yale ya kulazimishwa, na Pengo akatoka mstarini akamkumbatia, akamwambia, "Asante, bibi, nitampigia mama nimwambie." Mama Kola, akiwa amebanwa kifuani mwa mtoto wa watu, alimtafuta binti yake kwa macho. Binti alikuwa ameweka kikombe mezani. Chai ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Dakika kumi baadaye Mama Kola aliitwa ofisini.

"Nimelitoa vizuri?" aliuliza kabla hajakaa.

"Vizuri sana. Ulilifikiria siku ngapi?"

"Tangu Jumatatu! Kichwa kinaniuma mpaka sasa."

"Siku nne," alisema binti. Fomu ilikuwa mbele yake, kalamu juu yake. "Na mimi ulinifikiria muda gani?"

"Ah, jamani, ule ulikuwa utani. Kila mtu aliitwa. Ningekupendelea wewe, wangesema nini?"

"Miaka tisa nimekutetea, mama. Nilijiambia, mama hana neno jema, hakuumbwa nalo. Kisima kikavu mtu hakilaumu." Hakupandisha sauti. Nyuma ya kioo watu walikuwa wakipita na mabunda ya vitambaa. "Leo nimeona maji. Yalikuwamo siku zote. Umewatekea watoto ambao hata majina yao huyajui, kwa ajili ya kiti."

"Lakini ni wewe uliyeniambia!"

"Ni mimi. Na nilikusudia kuandika Anafaa. Jana nilijaribu hata kalamu." Akaigeuza fomu, ili mama asome. Mwandiko ulikuwa safi, wa chuoni. *Hafai.*

Mama Kola alisoma neno lile mara kadhaa, kana kwamba lilikuwa refu.

"Unajua na sisi tuliwapa ninyi jina?" alisema binti. "Haki hatukuwa nayo, tulilitumia chini kwa chini. Mpaka leo tunalitumia."

"Jina gani?"

"Bandi."

Hakuna fundi asiyeijua bandi. Ni ule mshono wa muda, mrefu na mlegevu, unaoshikiza kitambaa mpaka mshono wenyewe upite. Ukishapita, uzi wa bandi unavutwa, unatupwa sakafuni, unafagiliwa.

"Nililitoa mimi," alisema binti, "Jumatatu ile ile, tulipoona mwenzetu hakurudi. Halikunichukua hata dakika."

Mama Kola alilipima jina hilo kama alivyopima kitambaa. Jambo lililomchoma lilikuwa hili: jina lilikuwa zuri. Yeye mwenyewe asingepata bora zaidi. Aliinuka, akashika kitasa, akatoka.

Alipofika kwenye cherehani yake alimkuta Pengo amekaa kitini pake, anapima urefu wa miguu yake chini ya meza. Mwana wa mwenye karakana alikuwa amemwambia msichana asubuhi kwamba mashine ya kola itahamishiwa mahali hapo, na yeye ataihudumia. Hakujua zaidi ya hapo.

"Mpishe," ilisema sauti ya msimamizi nyuma yao. "Kiti ni chake mpaka saa kumi."

Msichana aliruka, akaona haya. "Samahani, bibi. Malizia tu taratibu, sina haraka. Nitasubiri."

Ilikuwa bado robo saa itimie saa tano. Mama Kola akakaa, akavuta kola ya kwanza kutoka kwenye bunda. Pengo akarudi hatua moja, akasimama nyuma ya bega lake, akaweka visikilizio masikioni, na mguu wake ukaanza kupiga sakafu polepole.