Anuani ya Kaka Yangu

"Kaka yako anaishi wapi?" Gelle aliniuliza, kalamu tayari mkononi, nami nikamjibu: kisima cha Maagan, upande wa mashariki, penye migunga mitatu.

Nilijibu hivyo kwa sababu niliulizwa na mtu wa nyumbani. Kwetu wafugaji, ukiulizwa anuani hutaji sanduku la posta, unataja maji. Mtu yuko pale wanyama wake wanapokunywa, basi. Na Gelle hakuwa mkalimani tu wa yule bwana mkubwa kutoka bara aliyekaa nyuma ya meza akijipepea kwa faili. Alikuwa *ina-adeer* wangu, mtoto wa baba yangu mdogo. Muda mfupi kabla ya hapo fomu ilitaka jina la baba na la babu, nami mjinga nikamtajia nasaba yangu yote, mababu kumi na wanane, kama tulivyokaririshwa utotoni. Kuanzia kwa babu yetu, midomo yake ilikuwa ikicheza pamoja na yangu, maana kuanzia hapo majina ni yetu sote. Mtu kama huyo utamficha nini?

Nimezeeka sasa, na mpaka leo nikikumbuka jibu lile najitukana.

Ilikuwa mwaka 1966. Mume wangu, Nuh, alikuwa dereva wa lori Omdurman, kule Sudan. Aliondoka kabla ya vita, na tulikuwa hatujaonana kwa miaka mitatu. Akaniandikia nimfuate. Njia aliieleza kwa mstari mmoja tu, Nairobi, Kampala, Juba, halafu meli ya mtoni mpaka Khartoum, utadhani ananituma sukari dukani. Mimi hata kutoka Garissa nilihitaji kibali. Watu wetu walitaka tujitenge tujiunge na Somalia, serikali ikakataa, risasi zikaanza, na kila Msomali akawa shifta, mwasi wa porini, mpaka aoneshe karatasi ya kusema siye. Nilirudi ofisi ile mara tisa. Leo wanataka cheti cha chanjo ya ndui, kesho picha mbili, keshokutwa barua ya mume yenye muhuri. Bila pasipoti, ubalozi wa Sudan Nairobi usingenipa viza, na bila viza hakuna Nuh.

Mwaka huohuo ikatoka amri kwamba watu wote wahamie vijiji vya kulindwa, na atakayekutwa porini na mifugo ni adui. Warfa, kaka yangu wa pekee, alikataa. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na ngamia, na ngamia ukiwafungia ndani ya seng'enge wanakufa. Akawapeleka mbali pamoja na mkewe, Fatumo. Watu wa mjini waliojua alipo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Nilijua hatari ya kumtaja. Sikuwa mtoto. Ndiyo maana kabla ya kujibu nilimuuliza Gelle kwa Kisomali, "Hili la kaka yangu linaandikwa la nini?"

"Fomu inakwenda ubalozini, *abaayo*," akasema, akiniita dada. "Wanataka kujua una ndugu wa kurudia, wasije wakadhani unahama."

Yule bwana hakujua neno hata moja la Kisomali. Humo ndani aliyenielewa ni Gelle peke yake. Nikasema maneno yangu machache, naye akamtafsiria bwana maneno mengi. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kuuzia maziwa na samli, sikuyashika. Nilifurahi hata, nikaona ndugu yangu ananipigania.

Pasipoti aliileta mwenyewe nyumbani baada ya wiki tatu. Mama alimpikia chai ya maziwa, akamwombea dua ndefu. Gelle hakumaliza chai.

Siku nne baadaye Fatumo aliingia mjini kwa miguu, nyayo zimepasuka, bila mume na bila ngamia hata mmoja. Alituhadithia akitazama ukuta. Askari walifika kisimani alfajiri, hawakumuuliza mtu njia. Mmoja alikuwa na karatasi. Akasoma jina la Warfa, akasoma la baba yake, la babu yake, akaendelea kusoma mababu ambao hata Fatumo hakuwajua. Warfa aliposikia nasaba yake ikisomwa hivyo alidhani wametumwa na ndugu. Akasimama, akaitika. Wakampiga risasi palepale, wakaswaga ngamia.

Mama alilia. Mimi nilishindwa hata kulia.

Nilimfuata Gelle kwake. Alikuwa akitawadha nje, akaniona, akaendelea kuosha mikono.

"Babu yangu si babu yako?" nikamuuliza.

"Waliniambia nilete kitu au niende kizuizini. Nina watoto watano."

"Na mimi?"

"Wewe ulitaka karatasi, *abaayo*. Umeona wangapi wamezipata mwaka huu?" Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayedai shukrani, "Nilihakikisha yako imetoka."

Nilimchukia. Lakini sikumtangaza, wala sikumwita mbele ya wazee wa ukoo, maana swali lao la kwanza lingekuwa nani alimwambia Gelle. Hilo alilijua. Alimalizia miguu yake, akatandika mkeka, akaswali.

Nilikwenda Omdurman. Ndiyo, nilikwenda. Nairobi viza ilinichukua asubuhi moja tu.

Siku ya kuondoka mama alinishika kichwa akanisomea, kisha hakuniachilia.

"Mwanangu, nani aliwaambia?"

"Sijui, *hooyo*."

"Mungu anamjua," akasema. "Wewe nenda. Ukijaliwa mtoto wa kiume, mpe jina la Warfa."

Nilijaliwa wavulana watatu. Kila mmoja alipozaliwa Nuh aliniuliza tumwite Warfa, na kila mara nilitaja jina lingine. Mama alikufa akiamini nimemsahau kaka yangu, nami nikamwacha aamini hivyo.