Kondoo wa Mwalimu Nathanaeli

Mwalimu Nathanaeli alipenda kujua mambo, na zaidi alipenda watu wajue kwamba anajua. Enzi hizo Mjerumani alikuwa ameshajenga boma lake pale Arusha, na huku juu, kwenye mteremko wa Meru, misheni ilikuwa na shule moja ya nyasi na mwalimu msaidizi mmoja, ndiye yeye. Alilala humo humo shuleni, chini ya ubao.

Balaa lilianzia hapo. Alikuwa amemposa Tabea, na baba yake Tabea, mzee Kisioki wa Elerai, alishasema bila kumung'unya maneno: "Binti yangu hatalala chini ya ubao." Nyumba ya bati ya misheni ilikuwa ya mwalimu kamili, na ualimu kamili ulitaka mtihani. Bwana Mchungaji angekuja kusikiliza somo moja. Likimridhisha, Nathanaeli atapata nyumba, na akipata nyumba atapata mke.

Akachagua somo la majina. Kuna jina la jumla, aliwafundisha, la vitu vyote vya aina moja: mgomba, mzee, kondoo. Na kuna jina la pekee, la mmoja tu, linaloanza kwa herufi kubwa: Meru, Tabea. Walikariri mpaka migomba ya jirani nayo ingeweza kujibu. Kwa Kijerumani, lugha ya Mchungaji mwenyewe, hata sufuria huandikwa kwa herufi kubwa sawa na Kaisari, lakini hilo Nathanaeli hakuligusa. Alijua mdomo huponza kichwa.

Siku ikafika. Mzee Kisioki naye alikuja, akaketi mbele kabisa na fimbo yake, aone nyumba inavyopatikana.

"Karibu, Paker," Nathanaeli alimwambia.

"Asante, Paker," mzee akajibu.

Waliitana hivyo tangu Nathanaeli alipompelekea kondoo wa uchumba. Kwa Waarusha mkwe hatajwi jina. Kondoo ndiye aliyewaunganisha, basi mnaitana kwa kondoo, wote wawili, mpaka kufa. Ukimtaja mkwe jina lake mbele za watu, umemwambia kwamba yule kondoo alikuwa kitoweo tu.

Somo lilikwenda vizuri ajabu. Lakini Mchungaji hakuwa mtu wa kuondoka bila kuuliza lake. Akamnyooshea mzee kidole.

"Na huyu? Jina la jumla?"

"Mzee," darasa likaitika.

"Jina la pekee? Mwalimu ajibu."

"Paker."

"Maana yake?"

"Ni mtu tuliyepeana kondoo."

Mchungaji alitikisa kichwa kwa huruma, ile huruma inayokera. "Kondoo ni jina la jumla, Mwalimu. Umewafundisha mwenyewe. Nataka jina la huyu mmoja."

Nathanaeli alimtazama mzee, na mzee alikuwa akitazama ncha ya fimbo yake. Jamani, si angekohoa tu? Si angejifanya ameanguka? Watu wameanguka kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Lakini akilini aliiona nyumba ya bati, akamwona Tabea amesimama mlangoni pake, na isitoshe, mtu aliyefundisha jambo mwezi mzima huona haya kulikosea mwenyewe.

"Kisioki," akasema.

"Sahihi kabisa," Mchungaji akasema, akampa mkono na nyumba.

Mzee aliinuka taratibu. "Shule yako ni nzuri, Mwalimu," alisema, akashika njia ya Elerai.

Neno hilo halikuwa na tusi hata kidogo, na ndiyo maana lilimchoma Nathanaeli. Tangu wapeane kondoo, mzee yule hakuwahi kumwita Mwalimu. Akajifariji kwamba atapoa, wazee hupoa.

Kesho yake alikuwa anahamishia mkeka wake kwenye nyumba ya bati alipomwona Tabea akipanda mteremko na kamba mkononi. Alifurahi kama mjinga, mpaka alipoona kilichofungwa kwenye ile kamba. Yule kondoo wa uchumba alikuwa amenenepa. Walimtunza vizuri kule Elerai. Tabea alimfunga kwenye nguzo ya baraza, akavuta fundo aone kama limeshika. Kisha akamjia Nathanaeli, akamwinamishia kichwa, kama watoto wa Kiarusha wanavyomwinamia mtu mzima wasiyemjua ili awaguse utosi.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.