Kopo la Kicheko

Kwenye saluni ya Shangazi, mazoezi ya usaili yalifanyika wateja wakiwa chini ya draya. Huo ndio muda pekee ambao wanawake wa mtaa ule walitulia mahali pamoja, na Shangazi hakupenda kuona mtu amekaa bure. Yeyote aliyeitwa mahali kuomba kazi aliletwa pale kwanza, akaketishwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba, na wenye rola kichwani wakawa jopo. Waliuliza kwa sauti ya juu kwa sababu draya zilivuma, na msailiwa naye ilibidi apayuke ili asikike. Basi wote walioandaliwa na Shangazi walikwenda maofisini mgongo umenyooka, mikono imetulia magotini, wakajibu kwa kupiga kelele. Maofisa walishawazoea. Wakimsikia mtu anafoka "NAPENDA KUSHIRIKIANA NA WENZANGU!" walijua ametoka wapi, na baadhi yao waliwapa kazi ili wanyamaze.

Asubuhi hiyo aliyekaa kwenye kiti cha plastiki alikuwa binti wa marehemu kaka yake Shangazi, msichana ambaye mtaa mzima ulimwita Kengele kwa ajili ya kicheko chake. Kicheko hicho kilianzia tumboni, kikapanda taratibu kama mtu anayebeba ndoo ngazini, kikifika juu kinamwagika. Cheti alikuwa nacho, tena kizuri. Adabu anayo. Lakini kila usaili alicheka. Wakimwuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano, alimtazama mwulizaji, baba mzima na tai yake, anauliza mambo ya miaka mitano ilhali ya kesho hayajui, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Safari hii hapakuwa na mzaha. Idara ya maji ilitaka mtu wa kupokea simu za malalamiko. Kengele akikosa, Jumamosi shemeji yake angekuja na gari la mizigo kumchukua akamsaidie kwenye duka lake la misumari na mabati, mji wa mbali. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kimya tu, na kimya chake kiliambukiza. Dada yake Kengele, ambaye zamani alikuwa akipiga simu mpaka betri inakufa, tangu aolewe huko alisema "hatujambo" kisha akakata. Mama alikubali kwa shingo upande, kwa kuwa kula lazima, lakini kila akilikumbuka gari lile alipoteza hamu ya chakula. Kengele mwenyewe aliitaka sana ile kazi.

"Kitakuponza hicho kicheko," alisema Shangazi. "Inama nikitoe."

"Kinauma?"

"Kinachouma ni kukosa kazi. Inama."

Shangazi alichukua kitana cha meno ya karibukaribu, kile cha kutolea chawa, akaanza kuchana kisogoni, akaja nyuma ya sikio, akarudi. Hakuwa na wasiwasi. Kwa kitana hicho hicho alishamtoa fundi cherehani kigugumizi. Mara kicheko kikanasa kwenye meno, kidogo, cha mviringo, kina joto, kinatetemeka. Alikikung'utia ndani ya kopo tupu la mafuta ya nywele, akafunga kifuniko, akaliweka rafuni kati ya shampuu na vibanio. Kopo lilitikisika kidogo, likatulia.

"Mjaribuni," akasema.

Muuza mayai, aliyekuwa chini ya draya ya kwanza, akasimulia jinsi mumewe alivyokosea nyumba akaingia msiba usiomhusu, akalia kwa uchungu mpaka wafiwa wenyewe wakaanza kumbembeleza. Mkunga alicheka hadi rola mbili zikadondoka. Bibi harusi mtarajiwa akajishika mbavu. Kengele alilisikia jambo la kuchekesha likipita mbele yake bila kubisha hodi.

"POLENI SANA," alijibu.

"Haya," alisema Shangazi. "Sasa unafaa kuajiriwa."

Idara ya maji ilikuwa na ukumbi mrefu wenye mabenchi, na mwisho wa ukumbi bomba lilivuja ndani ya ndoo. Waombaji walikaa na mafaili mapajani. Mlango wa chumba cha simu ulikuwa wazi. Mle ndani palikuwa na meza na simu, kiti kilichoning'inizwa sweta la kiume, kikombe cha chai chenye chai, na picha ya kijana mnene amebeba kombe la mpira. Kengele aliyaona yote hayo. Nayo yalipita bila hodi, akaendelea kunyoosha mgongo.

Wasaili walikuwa watatu: mwenyekiti mwenye tai ya kahawia, afisa utumishi, na mhasibu aliyekuwa akifanya kazi nyingine kabisa.

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" aliuliza mwenyekiti.

"NAJIONA HAPA HAPA, NAPOKEA SIMU!"

Afisa utumishi aliegemea nyuma, akapangusa sikio. "Shangazi hajambo?"

"HAJAMBO, ANAWASALIMU!"

"Mteja hana maji wiki nzima," aliendelea mwenyekiti, "amepiga simu, anatukana. Utafanyaje?"

"NITAMWACHA AMALIZE, MAANA ANA HAKI! KISHA NITAMWULIZA ANAKAA WAPI!"

Mhasibu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Lilikuwa jibu zuri, na Kengele alijua ni zuri. Alijibu yote hivyo, barabara, uso mkavu kama ukuta, na moyoni akaanza kuliaga lile gari la mizigo.

Wakati huo, kule saluni, mkunga alihisi ncha za nywele zake zimekauka. Akanyoosha mkono rafuni, akatwaa kopo la kwanza lililokuwa karibu, akafungua.

Kicheko kikatoka. Kilimwingia yeye kwanza, kikahamia kwa bibi harusi, kikamkung'uta muuza mayai mpaka akazima draya kwa kiwiko, halafu kikatoka nje kumtafuta mwenyewe. Aliyetaka kujua kimepita wapi aliangalia watu tu. Fundi cherehani akashona mkono wa shati ukaziba kabisa huku akicheka. Foleni ya benki ikacheka kutoka mkiani mpaka dirishani. Shangazi alisimama mlangoni na kitana chake, akakifuata kwa macho mpaka kona.

"Kinamfuata mwenyewe," alisema, akarudi kumaliza kichwa cha mkunga.

Dirisha la chumba cha usaili lilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mwenyekiti alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa kusema "tutakupigia simu," kama alivyowaambia wengine. Kicheko kilikuja mbio, kikashindwa kusimama, kikaingia kwenye kinywa kilichokuwa wazi.

"Tutaku..." alisema mwenyekiti, akaanza kucheka kicheko cha msichana, kutoka tumboni, ngazi kwa ngazi. "Hatutakupigia! Jamani, hatumpigii mtu! Nafasi imeshachukuliwa! Ni ya mpwa wa mkurugenzi, sweta lake si lile kitini kwenye chumba cha simu! Chai yenyewe kamwaga sukari nusu kopo!" Alipiga meza. "Na maswali haya ni ya usaili uliopita, nao ulikuwa wa bure vilevile!"

Afisa utumishi alijaribu kukohoa, akashindwa, akacheka. Mhasibu alicheka hadi akavua miwani. Ukumbini waombaji walisikia kila neno, nao wakacheka, maana ni vigumu kumkasirikia mtu anayecheka namna ile. Kengele peke yake ndiye hakucheka. Alizunguka meza kwa heshima, akampiga mwenyekiti mgongoni kama mtu aliyepaliwa.

"Samahani, baba. Hicho ni changu."

Kicheko kikamtoka mwenyekiti, kikamrudia binti. Na kiliporudi, yale yote yaliyopita bila hodi yakaja kwa pamoja: mume wa muuza mayai na msiba wa watu, sweta, bomba linalovuja idara ya maji, POLENI SANA. Kengele alicheka ukumbi mzima, akashuka ngazi anacheka, akafika getini anacheka. Hapo getini kicheko kikaisha pumzi, akaikumbuka Jumamosi. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akalia sana.

"Umecheka tena?" aliuliza Mama alipomwona.

"Aliyecheka ni mwenyekiti, Mama."

Mama akateremsha begi kutoka juu ya kabati na kuanza kukunja nguo, akikunja kila moja polepole, akiikunjua, akianza upya.

Lakini ukimpiga mtu mgongoni, si kila kitu hutoka. Punje moja ya kicheko ilibaki kwa mwenyekiti. Kesho yake palikuwa na usaili wa dereva, nafasi ambayo shemeji wa mhasibu alishapewa na ufunguo juu. Mwenyekiti aliwakaribisha wasailiwa, akafungua kinywa, akacheka. Siku iliyofuata, karani wa stoo: akacheka tangu salamu. Mkurugenzi alipopewa taarifa aliagiza mwenyekiti anunuliwe dawa ya kikohozi. Kuhusu nafasi zenyewe hakuagiza kitu. Aliyelitatua jambo hilo vizuri zaidi ni mlinzi wa getini, ambaye aliwaambia waliokuja, "Sikilizeni kwanza. Mkisikia kicheko, nafasi ina mwenyewe, wahini mambo yenu." Watu wakashukuru. Walikaa kidogo mabenchini, wakasikia, wakafunga mafaili, wakaenda.

Ijumaa mkunga aliingia saluni akihema. "Leo idara ya maji wanatafuta msoma mita. Nimesimama pale dirishani muda mrefu. Kimya!"

"Kimya kabisa?" aliuliza muuza mayai.

"Hata chembe. Na wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkubwa."

Kusoma mita kulikuwa kutembea nyumba kwa nyumba kwenye jua kali, mbwa wa watu wakikungoja. Hakuna mpwa aliyeitaka. Kengele alikuwa kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Shangazi, kwa mazoea, alipeleka mkono kwenye kitana. Kengele akakifunika kisogo kwa viganja vyote viwili.

"Hapana, Shangazi. Leo nakwenda nacho."

Shangazi alimtazama kwenye kioo. "Hata kusuka hatujamaliza, mwanangu."

"Watasaili upande uliosukwa."

Alifika, akapita mabenchi, akakaa mbele ya wale watatu. Mwenyekiti alipomwona alijishika tumbo, akangoja. Hakuna kilichotoka.

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" aliuliza kwa tahadhari.

Kengele alijizuia. Akajizuia tena. Kisha akacheka, tumboni mpaka juu, ndoo ikamwagika yote, nao wakamngoja kama watu wanaongoja mvua ipungue.

"Nimesimama kwenye geti la mtu," alisema alipopata pumzi, "nasoma mita ya maji yasiyotoka, na mbwa wake ananiangalia."

"Hujapayuka leo," alisema afisa utumishi.

"Sikupata muda wa kufanya mazoezi."

Wenzake wawili wakamgeukia mwenyekiti. Akapanua kinywa kama mbele ya daktari wa meno. Kimya. Nafasi ilikuwa wazi kwelikweli, jambo ambalo hata wao walikuwa wamesahau linavyokuwa. Wakampa kofia, mkoba na buti za aliyemtangulia, zenye alama za meno kwenye visigino. Alikwenda nazo nyumbani miguuni, na Mama aliposikia kicheko kinakata kona alilirudisha begi juu ya kabati kabla hajaambiwa neno. Halafu akakaa kitandani na kusema "Alhamdulillahi" mara nyingi, machozi yanamtiririka.

Shemeji alikuja Jumamosi kama alivyoahidi. Alipewa chai, akaambiwa habari, akatikisa kichwa. Alipoinuka kuondoka, Shangazi alimkabidhi kopo la mafuta ya nywele lililofungwa kwa karatasi ya gundi. Asubuhi hiyo Kengele alikuwa ameinama kwa hiari yake, wakatoa kicheko kidogo tu, cha kumtosha mtu mmoja.

"La mkeo," alisema Shangazi. "Afungue mwenyewe. Nawe usikae mbali."

Jumapili simu ililia. Dada alisimulia habari za duka, za misumari, za mteja aliyerudisha bati kwa kuwa linapiga kelele mvua ikinyesha, na nyuma yake mwanamume fulani alisikika akichekacheka kama mtu anayejaribu viatu vipya. Mama aliishika simu kwa mikono miwili mpaka betri ikafa.

Jumatatu Kengele alipita ofisini kuchukua ramani ya mitaa yake. Ndoo ilikuwa imejaa, bomba linavuja. Kwenye mabenchi walikaa waombaji wa kazi ya fundi bomba, masikio yameelekea mlangoni. Mara kicheko chake mwenyewe kikasikika kutoka chumbani, kwa sauti nzito ya mwenyekiti. Waombaji wakatazamana, wakafunga mafaili, wakapeana mikono na kutakiana heri. Mmoja wao, mgongo umenyooka sana, alisema "KWAHERINI!" ukumbi ukatetemeka, na Kengele akacheka pamoja nao mpaka getini.

Chumba cha simu kilikuwa wazi. Simu ya malalamiko ililia. Mpwa wa mkurugenzi aliitazama mpaka ikanyamaza, kisha akavaa sweta lake, maana feni ilikuwa ikimpuliza.