Fundi Mpya wa Breki

Baada ya miaka kumi na mitano ya kushona nguo, mama wa watoto watatu alianza kazi gereji, na gari la kwanza alilopewa kutengeneza likawa teksi iliyokuwa ikilia breki. Mwenye teksi alipomwona ameshika spana, akaguna.

"Mama, niitie fundi."

"Ndiye mimi," akajibu, akisukuma jeki chini ya gari.

"Gari langu si sufuria!"

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Uso ulimwaka, lakini hakuinuka. Alifungua gurudumu, akachomoa pedi za breki zilizolika hadi chuma, akamtia mwenye teksi mkononi.

"Umebeba abiria na hizi, kaka. Ungeua watu."

Jamaa akazigeuzageuza. Kicheko kilikwisha.

"Sasa sogea, unaniziba mwanga."

Akasogea.