Sahani ya Mtu wa Tatu

Mimi sipendi harusi. Nimezipigia gita tangu ndevu hazijaota, na kila harusi lazima iwe na mjomba mmoja mlevi anayetaka kushika maiki. Lakini Esther alipokuja kibandani kwangu Ujiji, hapa ninapotengeneza redio, akasema, "Baba mkubwa, nataka baba apige kwenye harusi yangu," niliweka chini chuma cha kulehemu.

Baba yake ni Bariki, na Bariki yuko Norwei. Alivuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita, kijana mkavu, mkononi gita lililokatika nyuzi. Akaoa kwetu, Leonida wa Mwandiga, Muha halisi, wakamzaa Esther. Tulipiga pamoja maisha yetu yote, mimi solo, yeye rithim. Leonida alipofariki, Bariki akakonda kama mwiko, na jina lake lilipotoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kupelekwa huko kwenye theluji, akaenda. Esther alishakuwa mtu mzima, muuguzi mwenye kazi yake, akakataa kuondoka. Watu waliniuliza kama namlaumu Bariki, nikasema hapana, kila mtu na riziki yake. Ni uongo. Namlaumu mpaka leo, kwa sababu namkosa.

"Kupiga kutoka Norwei si kazi," nikamwambia Esther. "Atakutumia video."

"Video ninazo tele. Nataka mpige wote wawili kama mlivyokuwa mnapiga uani kwetu, mama akiwa hai. Nataka yule wa tatu atoke."

Hapo akawa amenichoma pale pale panapouma.

Huyo wa tatu ni habari ya zamani. Tulikuwa na amplifaya moja tu, niliyoiunda kwa mabaki ya redio kuukuu, na magita yote mawili tuliyachomeka humo humo. Ikawa tukipiga noti mbili zinazoelewana, ndani ya spika inatoka na ya tatu ambayo hakuna aliyeigusa, nzito, inatembea nasi hatua kwa hatua. Kwenye harusi moja Ilagala, mpishi akatuletea sahani tatu za ugali na migebuka, samaki wetu wa ziwani. Bariki akamwambia, "Mama, tuko wawili." Yule mama akamkazia macho: "Na yule anayepiga kule nyuma mtamnyima?" Tuliigombania ile sahani mpaka mchuzi ukamwagika, na tangu siku hiyo sauti ile tukaiita Mtu wa Tatu.

Bariki alipoondoka, akaondoka naye. Nilijaribu na vijana wa mjini wenye magita ya kung'aa. Wapi! Amplifaya ni ile ile, lakini mikono yao haikujua mimi naelekea wapi. Jioni nilikuwa nakaa uani na gita mapajani, na sipigi kitu. Veneranda, mke wangu, alikuwa ananipita na ndoo yake bila kuniuliza, maana alijua.

"Nitakuletea huyo wa tatu," nikamwambia Esther. Mdomo huponza kichwa.

Sisi mafundi wa zamani tunaijua sakiti moja. Sauti mbili zinaingia. Kinachotoka ni jumla yake na tofauti yake, na zile mbili zenyewe hazitoki kabisa. Yaani wazazi wanabaki ndani, anatoka mtoto. Inataka transfoma mbili ndogo na dayodi nne, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zilizofungwa duara, kila moja imeshika mkia wa mwenzake. Na zile dayodi lazima zifanane. Ni kama watu wanne wanaobeba jeneza, mmoja akiwa mfupi, uzito wote unamwangukia yeye. Zisipofanana, sauti moja inavuja na kunguruma hata pale ambapo hakuna anayepiga.

Basi nikafukua redio mbovu zote za kibandani, nikapima dayodi moja moja kwa mita, za kioo, zile za kizamani. Veneranda akauliza kama namwandalia Esther harusi au matanga ya redio. Nikamwambia aniache. Akasema ameniacha siku nyingi, ni vile tu sijagundua. Chombo chote nikakiweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu nikatoboa tundu la swichi ya kukanyaga: ukikanyaga, gita linapita ndani ya duara, ukikanyaga tena, linapita pembeni na kusikika kama kawaida.

Sauti ya pili sikuwa nayo, kwa hiyo nikatengeneza sakiti ndogo ya kupiga mluzi. Nikakanyaga, nikapiga wimbo wetu wa uani. Loo! Kilichotoka ni bati linaburutwa barabarani. Noti moja ilikubali, zilizobaki zikagombana, kwa sababu mluzi umesimama pale pale na mimi natembea. Veneranda akachungulia: "Huyo ndiye Mtu wa Tatu? Mbona anaumwa?"

Nilikasirika nikaung'oa mluzi wote. Nikachomeka gita tena. Kimya. Nikapiga kwa nguvu. Kimya, kaburi! Fundi redio akikuta kimya anajua kitu kimoja tu, kwamba chombo kimekufa. Nikafungua kopo, nikalehemu upya. Kimya. Nikabadilisha transfoma, nikazilaani dayodi na waliozitengeneza. Bado kimya. Na mbalamwezi ilikuwa inakaribia. Harusi zetu za pwani ya ziwa tunazipanga mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi wanabaki nchi kavu kucheza, na betri za taa zao tunaziazima kwa muziki. Esther alikuwa ananipigia simu kila akitoka kazini: "Baba mkubwa, vipi?" Namjibu, "Vizuri," huku nimeshika kichwa.

Mwishowe nikachoka. Nikaona nipime upande wa pili wa kopo kwa sauti yoyote ile. Nikaunganisha waya kutoka kwenye simu yangu, nikafungua ujumbe wa kwanza niliouona. Ulikuwa wa Bariki, wa sauti. Mkono wangu mmoja ukagusa nyuzi.

Gita likaongea.

Sikuzoea kulia, lakini nawaambia, gita liliongea. Maneno hayakushikika, ila mdomo ulikuwa ule ule, na ile tabia yake ya kuvuta "yayaaa" anaponiita kaka. Bariki akipumzika kuvuta pumzi, gita nalo linanyamaza. Akianza tena, linafufuka. Veneranda akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Feliksi, huyo ni nani?"

Ndipo nikaelewa upumbavu wangu. Kopo halikufa. Lilikuwa zima kuliko chombo chochote nilichowahi kuunda. Dayodi zilifanana sawasawa, hapakuvuja kitu, na mmoja akinyamaza, yule mwingine hasikiki. Lilikuwa linanisubiri nimlete mwenzangu.

Nikampigia Bariki. "Siku ya harusi ukae na gita lako hapo hapo kwako, upige kwenye simu. Usinisikilize mimi, utanisikia kwa kuchelewa. Wewe piga rithim yako, mimi nitakufuata."

"Utanifuata, yaya? Siku zote ni mimi nilikufuata."

"Basi safari hii zamu yangu, mpuuzi wewe."

"Yaya," akasema, "huku hakuna mtu anayejua kama mimi hupiga gita."

Harusi ilifanyika Kibirizi, karibu na mitumbwi iliyopandishwa mchangani, jua likiwa bado liko juu ya milima ya Kongo. Esther alikaa na bwana harusi wake, amejipamba vizuri, ila macho yake yote kwenye kopo langu. Mjomba mlevi naye alikuwepo, nikamnyima maiki. Nikaiweka simu juu ya spika. "Upo?" "Nipo." Nikachomeka waya wa kopo kwenye simu, nikakanyaga swichi.

Akatoka. Jamani, akatoka! Bariki akihama, mimi nahama, na yule wa tatu katikati yetu, chini kabisa mzito, na juu yake kama kengele. Hakuna aliyemsikia Bariki, wala aliyenisikia mimi. Walimsikia yeye tu. Wazee waliotujua wakasimama. Veneranda akajifunika uso kwa khanga. Esther alisimama polepole, mkono kifuani, akawa anaangalia huku na huku uwanjani, kama mtu anayetafuta ni wapi wazazi wake wamekaa.

Tulipofika pale wimbo unapogeuka, gita langu likanyamaza.

Nikaangalia waya. Nzima. Nikaangalia simu. Mtandao ulikuwa umekatika. Vidole vyangu vilikuwa bado vinatembea kwenye nyuzi na hapakutoka hata mnong'ono, spika imekaa tu kama jiwe. Watu wakaanza kugeukiana. Mjomba mlevi akapaza sauti, "Fundi, kimekufa hicho!"

Esther akanijia. "Baba mkubwa," akasema taratibu, "kanyaga swichi. Piga peke yako, utasikika."

"Najua nitasikika."

"Sasa?"

"Sasa akirudi atakuta nimefunga mlango, Esther. Siwezi. Nimekuwa peke yangu tangu aondoke, na sikuwahi kusikika, wewe hujui tu."

Nikaendelea kupiga. Nilipiga mgeuko wote, noti kwa noti, nikamwachia nafasi zake pale anapoingiaga, na hakuna aliyesikia kitu isipokuwa mawimbi. Machozi yalinitoka mbele ya watu, yakanitoka vizuri tu.

Esther aliniangalia vidole. Ule wimbo alikuwa anaujua tangu anabebwa mgongoni. Akavua viatu, akaviweka kando ya kopo, na akaanza kucheza.

Alicheza mpaka nilipofika mwisho. Kisha akaenda mwenyewe kwa wapishi, akarudi na sahani tatu.